Sultan Barghash: Tajiri aliyevuka bahari kutafuta tiba

Kama umewahi kupanda matatu ya Likoni kwenda Lunga Lunga, Ramisi umeiona hata kama hukuijua. Ukishaiacha Msambweni unaingia kwenye mashamba ya miwa, unavuka daraja la mto, na kabla konda hajamaliza kurudisha chenji ushapita. Wazee wetu bado wanahesabu miaka kwa kiwanda cha sukari: kuna mambo yaliyotokea kabla hakijafungwa mwaka 1988, na kuna yaliyotokea baadaye. Mimi ni wa baadaye sana.

Siku hizi naishi Mombasa, naandika mtandaoni, na chuo niliacha nikiwa mwaka wa pili. Nyumbani lakini hiyo habari ya kuacha hawaitilii maanani. Kwao mimi ni yule mtoto aliyesoma, basi. Ndiyo maana mwezi uliopita mama alinipigia simu akaniambia nije haraka, kuna uamuzi wa kufanywa kuhusu mjomba.

Mjomba wangu ana matende. Mguu wake wa kushoto umevimba tangu mimi sijaanza shule, na hilo tumelizoea, labda kupita kiasi. Kilichokuwa kipya ni kikohozi. Wiki ya tatu hakijakatika, usiku analoa jasho, na shati lake la Ijumaa limekuwa kama la kuazima. Kwenye duka la dawa alipewa vidonge vya antibiotiki bila kupimwa chochote, akameza nusu, akaacha.

Nilipofika nikakuta familia imegawanyika mara tatu. Mama mdogo anataka mjomba apelekwe hospitali ya Msambweni. Binamu yangu ameleta chupa ya dawa ya mitishamba aliyoiona TikTok, inayosemekana kutibu magonjwa 40, na muuzaji anataka aongezewe pesa ili alete chupa ya pili. Mjomba mwenyewe anataka apelekwe Mwananyamala, kule upande wa Dzombo, akaoge kwenye chemchemi za maji moto kama alivyofanya babake. Pesa za mchango zinatosha njia moja tu. Macho yote yakanigeukia mimi.

Sikuwa na jibu. Nikafanya ambacho wewe pia ungefanya: nikatoka nje, nikakaa chini ya mwembe, nikafungua simu. Nikatafuta matende, nikatafuta maji moto, nikatafuta kikohozi. Na hapo katikati nikakutana na mtu ambaye sikumtarajia kabisa, Sultan Barghash bin Said wa Zanzibar. Alikuwa na matende. Alikuwa na kifua kikuu. Na mwishoni mwa maisha yake alipanda meli akaenda kutafuta chemchemi. Mambo yaleyale matatu ya mjomba wangu, kwa mtu aliyewahi kutawala hadi hapa Ramisi.

Kaa kidogo nikusimulie maisha yake, kwa sababu yalinisaidia kuliko nilivyotarajia.

Mtoto wa kasri

Barghash alizaliwa karibu mwaka 1837. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, yule mtawala wa Oman aliyehamishia makao yake Unguja na kuijaza mikarafuu. Mama yake alikuwa suria kutoka Uhabeshi. Alikulia katika nyumba yenye ndugu makumi, kila mmoja na mama yake, na kila mvulana akijua kwamba kiti cha baba ni kimoja.

Mambo ya ndani ya nyumba hiyo tunayajua kwa sababu ya dada yake, Salme, aliyezaliwa mwaka 1844. Salme alijifunza kuandika kwa siri, baadaye akaolewa na Mjerumani, na mwaka 1886 akachapisha kitabu cha maisha yake. Humo anaeleza jinsi wagonjwa walivyotibiwa kasrini. Mgonjwa aliumikwa, yaani alichanjwa na kunyonywa damu kwa chuku. Au alipewa kombe: aya zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, maandishi yakayeyushwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Kama wewe ni mtoto wa Pwani, sina haja ya kukueleza zaidi. Bibi yako angeingia kasri ile akajiona yuko nyumbani.

Mwaka 1856 Seyyid Said alifia baharini akiwa safarini kutoka Oman. Barghash, kijana wa miaka 19 hivi, alikuwa naye melini. Aliporudi na mwili wa baba yake alijaribu kukamata mamlaka usiku huohuo, ikashindikana. Kaka yake Majid akawa Sultani. Mwaka 1859 Barghash akajaribu tena, safari hii Salme akiwa ndiye mwandishi wa barua za siri za wapinzani. Waingereza wakamsaidia Majid, ngome ya Barghash shambani ikapigwa mizinga, na yeye akasafirishwa kwenda uhamishoni Bombay.

Ungedhani hapo hadithi imekwisha. Kumbe ndipo masomo yake yalipoanza.

Alichokiona Bombay

Barghash alikaa Bombay karibu miaka miwili. Wakati huohuo mji ule ulikuwa unamalizia mradi mkubwa wa maji. Mwaka 1860 maji ya ziwa la Vihar, nje ya mji, yalianza kuletwa kwa mabomba hadi mjini. Huyu kijana aliyekulia kwenye mji wa visima akaona kwa macho yake watu wakifungua bomba na maji yakitoka.

Alirudi Unguja mwaka 1861, akakaa kimya, akingoja. Majid alipofariki Oktoba 1870, Barghash akawa Sultani.

Na aliukuta mji umeumia. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kilikuwa kimeingia Unguja na pwani nzima na kuua watu wengi mno. Daktari mmoja Mskoti aliyeishi mjini, James Christie, aliufuatilia ugonjwa ule mji kwa mji na njia kwa njia, na mwaka 1876 akaandika kitabu kizima juu yake. Watu wa mjini walikunywa maji ya visima vilivyochimbwa katikati ya nyumba, choo kikiwa si mbali. Juu ya hayo, Aprili 1872 kimbunga kikapiga kisiwa, kikazamisha meli na kung'oa mikarafuu. Mwaka uliofuata, Juni 1873, akishinikizwa na Waingereza waliotishia kuizuia bandari yake, Barghash akatia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Soko la watumwa la Unguja likafungwa. Utumwa wenyewe mashambani uliendelea, na tusiufiche: utajiri wa Sultani huyu ulitokana na jasho la watu wasiokuwa na uchaguzi wowote, wa tiba wala wa kitu kingine.

Sasa angalia alichofanya kuhusu afya ya mji. Alivuta maji safi kutoka chemchemi iliyo nje ya mji hadi Mji Mkongwe, kwa mifereji na mabomba, na wananchi wa kawaida wakapata kuchota. Alijenga pia Hamamni, nyumba ya kuogea ya mtindo wa Kiajemi ambayo bado ipo, ukienda Unguja utaiona. Mwaka 1875 alizuru Uingereza akakutana na Malkia Victoria, akaona mji mkubwa kuliko wote wa wakati ule. Mwaka 1883 akamaliza Beit al-Ajaib, ile Nyumba ya Maajabu ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020.

Watu humkumbuka kwa hiyo nyumba. Mimi ningemkumbuka kwa bomba. Alipopanda kitini, hakuna aliyekuwa amewaonyesha madaktari mdudu wa kipindupindu kwa namna ya kuwaridhisha. Robert Koch alikuja kufanya hivyo mwaka 1884. Lakini kuhusu maji Barghash hakuhitaji kumuona mdudu. Alikuwa ameona mji mwingine umejaribu jambo, akaona matokeo, akaliiga. Shika hapo, tutaparudia.

Sultani na pwani yetu

Pengine unajiuliza Ramisi inaingiaje. Enzi zile pwani hii yote, kuanzia Lamu hadi kusini kabisa, ilihesabiwa kuwa ya Sultani wa Zanzibar. Lakini kuhesabiwa ni jambo moja, kutii ni jingine. Gazi, kaskazini kidogo ya Ramisi ukishapita Msambweni, alikaa Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, ukoo ambao babu zake walipokonywa Mombasa na baba yake Barghash. Mbaruk aliasi, akapatana, akaasi tena. Barghash akamtumia jeshi lake jipya lililoongozwa na Mwingereza Lloyd Mathews, na mwaka 1882 likamzingira Mbaruk katika ngome yake ya Mwele, huko bara ya Kwale. Mbaruk akaponyoka.

Baada ya hapo wakaja wazungu na ramani. Mwaka 1886 Wajerumani na Waingereza walikaa wakagawana bara, Barghash akaachiwa ukanda wa maili 10 kutoka baharini. Mei 1887 akawakodisha Waingereza sehemu ya ukanda huo kuanzia Mto Umba, karibu na Vanga, hadi Kipini. Ramisi imo humo. Kwa hiyo, karatasi mojawapo ya mwisho mwisho aliyoidhinisha mtu huyu ilikuwa inahusu ardhi niliyokuwa nimeikalia chini ya ule mwembe.

Na wakati anaidhinisha, alikuwa mgonjwa sana.

Mwili haukusikia amri

Magonjwa yake yalikuwa mawili: matende na kifua kikuu. Hebu fikiria. Mtu mwenye meli zake, mwenye jumba refu kuliko yote Unguja, mwenye uwezo wa kumwita mganga kutoka popote na daktari kutoka popote. Balozi wa Uingereza aliyefanya naye kazi kwa miaka mingi, John Kirk, mwenyewe alisomea udaktari. Kama tiba ingekuwepo duniani, Barghash angeipata.

Shida ni kwamba haikuwepo.

Twende na matende kwanza. Mwaka 1877, Barghash akiwa Sultani tayari, daktari Mskoti aliyeitwa Patrick Manson, aliyekuwa akifanya kazi China, aligundua kwamba mbu akimuuma mtu mwenye minyoo ya matende huifyonza pamoja na damu, na minyoo hiyo hukua ndani ya mbu. Ilikuwa habari kubwa. Lakini alidhani watu huambukizwa kwa kunywa maji ambamo mbu wamefia. Ilibidi ifike mwaka 1900 ndipo ikaonekana kwamba ni mbu yuleyule anayerudisha minyoo kwa kuuma. Na dawa ya kuwaua, inayoitwa DEC, ilikuja mwaka 1947.

Kifua kikuu nacho hivyohivyo. Tarehe 24 Machi 1882 Robert Koch alitangaza Berlin kwamba amempata bakteria anayeusababisha. Dunia ikashangilia. Lakini kumjua adui si kumshinda: dawa ya kwanza iliyomuua kweli, streptomaisini, iligunduliwa mwaka 1943.

Katikati ya miaka hiyo, madaktari wa Ulaya waliwafanyia nini matajiri wao wenye kifua kikuu? Waliwapeleka milimani wakavute hewa baridi. Waliwapandisha meli wakapigwe na upepo wa bahari. Waliwapeleka kwenye chemchemi wakaoge na kunywa maji yenye madini. Usije ukadhani kuoga chemchemi ilikuwa tiba ya kienyeji na kwamba hospitali ilikuwa na kitu bora. Mwaka 1888 chemchemi ilikuwa tiba ya daraja la kwanza, na waganga wa Uarabuni na madaktari wa Ulaya wangekubaliana juu yake.

Basi mapema mwaka 1888 Barghash akapanda meli kuelekea upande wa Ghuba, kwenye chemchemi zilizosifika. Alienda, akaoga, hakupona. Meli ikamrudisha Unguja mwishoni mwa Machi, na saa chache tu baada ya kufika akafariki. Ilikuwa siku mbili tatu tu baada ya kutimia miaka 6 tangu tangazo la Koch. Umri wake ulikuwa miaka 50 hivi. Ndugu yake Khalifa akachukua kiti.

Mjomba wangu ana miaka 54.

Safari ileile, mwaka tofauti

Nilipofika hapo nikaweka simu chini. Kwanza nilitaka kumcheka Sultani, mtu mzima kuvuka bahari kwenda kuoga. Halafu nikaona sina cha kucheka. Barghash hakufanya ujinga. Alipoenda chemchemi hakuacha nyuma yake tiba yoyote iliyofanya kazi. Hakupoteza kitu, kwa sababu hakukuwa na cha kupoteza.

Mjomba akienda chemchemi leo, anaacha nyuma kipimo cha makohozi na dawa za miezi 6 ambazo katika hospitali za serikali Kenya hutolewa bila malipo. Anaacha nyuma uwezekano wa kupona kabisa. Na kama kweli ni kifua kikuu, kila wiki anayochelewa anakohoa chumba kimoja na wajukuu wanne. Maji ni yaleyale ya moto, safari ni ileile, lakini gharama yake si ile tena. Hilo ndilo swali nililokuwa sijaliuliza. Siku zote mitandaoni tunabishana: hospitali au mitishamba, ya kizungu au ya kwetu. Swali lililo muhimu ni jingine. Nikichagua hii, ninaacha nini? Na kile ninachokiacha, kimeshathibitishwa kwamba kinafanya kazi?

Sikwambii dawa ya mti ni uongo. Mwaka 2015 Tuzo ya Nobel ya tiba ilienda, nusu yake, kwa Tu Youyou wa China, aliyepata dawa ya malaria kutoka mmea uliotajwa katika maandishi ya kale ya tiba ya Kichina. Zile vidonge vya malaria unavyopewa zahanati vimetokana na kazi yake. Nusu nyingine ilienda kwa waliogundua ivermectin, iliyotokana na bakteria wa udongoni Japani. Hiyo ivermectin ilitumika mwaka 2018 Lamu na Jomvu pamoja na dawa nyingine mbili kupigana na matende. Kwa hiyo mti unaweza kuwa dawa, na hata udongo. Tofauti ni kwamba hizo zilipimwa: nani kapewa, nani hakupewa, wangapi wamepona, wangapi wamedhurika, kipimo ni kiasi gani. Chupa ya binamu yangu haina hata jina la mmea uliomo.

Na sikwambii hospitali haikosei. Vile vidonge alivyouziwa mjomba dukani ni dawa ya kisasa, na kumeza nusu bila kupimwa ni kubahatisha tu, sawa na chupa. Tena kuna sababu watu wanaikwepa hospitali. Miaka iliyopita mjomba alienda zahanati moja, sitaitaja, akafokewa mbele za watu kwamba mguu wake unanuka. Hakurudi. Mganga kijijini alimpa mkeka, akamuuliza habari za nyumbani, akamsikiliza saa nzima. Wewe ungeenda wapi?

Tunachojua ambacho yeye hakukijua

Hebu nikupe kile ambacho Barghash angetoa jumba lake zima ili akijue.

Matende huletwa na mbu. Minyoo huishi kwenye mishipa ya limfu kwa miaka, ikizaa vijidudu vinavyotoka kwenye damu wakati wa usiku, saa ambazo mbu huuma. Ndiyo maana kwa kipimo cha kawaida cha damu wahudumu walikuwa wakija usiku, na ndiyo maana watu walinong'ona kuhusu wachukuaji damu wa usiku. Hakukuwa na uchawi hapo. Mdudu ndiye anayetoka usiku.

Dawa za DEC na albendazole zikimezwa na watu wengi mara moja kwa mwaka, kwa miaka kadhaa, huua vile vijidudu, mbu akiuma hapati cha kubeba. Unguja, kisiwa cha Barghash mwenyewe, ilianza kugawa dawa hizo mwaka 2001 na baada ya miaka michache watu wenye minyoo kwenye damu wakapungua sana. Kwale tulianza miaka hiyohiyo. Lakini sisi tunawajua waliozificha chini ya godoro. Wapo waliosikia ni dawa za kuzuia uzazi. Wapo waliomeza wakapata homa na kizunguzungu, wakasema zinaua. Homa hiyo mara nyingi ni ya minyoo inapokufa, hupita siku moja mbili, na mhudumu anapaswa kukueleza kabla. Wajawazito, watoto wa chini ya miaka 2 na wagonjwa mahututi hawapewi. Uliza, ni haki yako.

Ukweli mchungu ni kwamba vidonge haviurudishi mguu uliokwisha kuvimba miaka 20. Hapo ndipo wauza chupa wanapopenyea. Lakini kuna kinachosaidia, na hapa Sultani alikuwa karibu: maji. Si maji ya mbali. Ni kuuosha mguu kila siku kwa maji safi na sabuni, kuukausha vizuri hadi katikati ya vidole, kutibu vidonda mapema, kuuinua ukiwa umekaa, kuufanyisha mazoezi na kuvaa viatu. Mguu ukitunzwa hivyo, zile homa na maumivu yanayorudi rudi hupungua, na uvimbe hauendelei kwa kasi. Na busha, ambalo wanaume wetu wanalificha kwenye kikoi, hutibika kwa upasuaji.

Kwa hiyo ukiletewa tiba yoyote, iwe ya koti jeupe au ya kibuyu, uliza. Inatibu ugonjwa gani hasa? Inayotibu 40 huenda haitibu hata mmoja. Imejaribiwa kwa watu wangapi, na waliosimulia ni waliopona tu au hata waliokufa wamehesabiwa? Ndani yake mna nini, na itagombana na dawa ninazotumia? Ni mitishamba gani iliyosajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, ile PPB? Nikingoja wiki mbili kuona kama inafanya kazi, nitakuwa nimepoteza nini?

Niliingia ndani nikamweleza mjomba hayo yote, pamoja na Sultani. Sikumwamulia. Mwili ni wake. Alisikiliza, akauliza kama ni kweli mtu mwenye jumba lile alikuwa na mguu kama wake. Nikamwambia ndiyo. Akakaa kimya kwa muda. Halafu akauliza kama hospitali watampigia kelele. Nikamwambia nitakuwa naye, na nitaongea mimi.

Asubuhi tulipanda matatu hadi Msambweni. Chupa ya binamu tuliibeba ili daktari aione, maana daktari asipojua unachokunywa anatibu gizani. Daktari alikuwa binti mdogo kunishinda kwa sura, aliinama akaushika mguu bila kuziba pua, akauliza unaoshwaje. Mjomba akanitazama. Akatoa makohozi kwenye kikopo, na tukarudi nyumbani na sabuni.

Nikiandika haya majibu bado hayajatoka. Mjomba analala chumba chake peke yake, dirisha wazi, mchana amekaa barazani mguu umeinuliwa juu ya kigoda. Maji moto ya Mwananyamala ameyasogeza mbele: anasema ataenda akishamaliza dawa, kama zitahitajika, kuoga tu kwa starehe. Nimemwahidi nauli ni juu yangu.